Printa Namba Hamsini

6 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Sisi hatujambo, na Mama anataka salamu zake zitangulie zangu, ndiyo maana amekaa hapa ubavuni kwangu akiangalia vidole vyangu vinavyokwenda kwenye kompyuta. Mkono wake wa kulia bado mzito, lakini mguu umeanza kutii. Jumanne alisimama akishikilia ubao wa kitanda, akahesabu hadi ishirini na saba, akakaa, akasema mtaalamu wa mazoezi ni mwongo. Shangazi alikuja Jumapili. Alikaa tangu asubuhi hadi saa kumi, na mazungumzo yote yalikuwa wewe: kiti chako, dirisha lako, jinsi wanavyokuita Injinia. Mama humwambia kila anayeingia, "Huyu mdogo ndiye aliyerithi kichwa cha baba yao." Mimi huwa nimesimama palepale na birika mkononi.

Hadi hapo nimemsomea. Kuanzia hapa ni petu wawili, kama tulivyokubaliana.

Nakubali kwamba barua ni afadhali. Tangu siku ile uliponikatia simu, au nilipokukatia, sikumbuki nani alitangulia, Mama amesema hataki tena tugombane juu ya kichwa chake. Tuandikiane, yeye asomewe. Basi.

Nina shida ya kazi. Idara yenu ya mtandao haijibu maswali ya sisi wakaguzi wa madai tunaofanyia kazi nyumbani; tunajaza fomu, fomu inajibiwa baada ya wiki tatu, kwa hiyo nimebaki na wewe. Nikiunganisha VPN, ile njia ya siri ya mtandao wa kazini, kila kitu cha kompyuta hii kinapita kwanza ofisini kwenu. Mafaili ya madai yanafunguka vizuri. Lakini saa nne asubuhi mtaalamu wa mazoezi humpigia Mama kwa video kwenye kompyuta hii hii, kwa kuwa ndiyo yenye kioo anachoweza kukiona, na picha nayo inazungukia kwenu, inaganda. Juzi mtaalamu aliganda ameinua mguu mmoja. Mama naye akabaki ameinua wake, akimsubiri, mpaka akaniangukia mikononi. Nikikata VPN ili picha itembee, faili la dai linafungwa katikati na mfumo unaandika kwamba nimeondoka kazini. Imetokea mara nne. Msimamizi wangu ameshaniandikia onyo.

Printa ya hapa nyumbani nayo haionekani VPN ikiwa imewaka. Hata barua hii itabidi nikate ndipo niichape.

Najua njia zinaweza kutenganishwa: za kazini zipite kazini, nyingine zipite hapa. Ninachohitaji kwako ni anwani za mtandao wa ofisini tu. Orodha, si somo.

Dada yako


19 Februari

Dada,

Shikamoo, na shikamoo nyingi kwa Mama. Mwambie ishirini na saba si haba, mimi nikisimama kwenye foleni ya lifti hapa nachoka kabla ya kumi. Mwambie pia kwamba wiki hii nimehamishiwa chumba cha pembeni chenye madirisha mawili, na bosi alipowatambulisha wageni kwangu alisema, "Huyu ndiye anayetufanya tuonane." Nilitamani Mama angesikia. Mwambie Shangazi nimenenepa kidogo, atafurahi.

Sasa yetu. Ulisema hutaki somo lakini nivumilie, nawaeleza hivi watu wote na wanaelewa. Fikiria kompyuta yako ni mtu aliyesimama njia panda na karatasi mkononi. Kwenye karatasi imeandikwa: ukitaka kwenda mahali fulani, pita huku. Hiyo karatasi ndiyo orodha ya njia. VPN ikiwaka inaandika juu yake mstari mmoja tu: kila kitu kipite ofisini. Wewe utaufuta mstari huo. Fungua mipangilio ya VPN, toa alama kwenye kile kisanduku cha "tumia kwa mawasiliano yote", kisha uongeze mwenyewe njia za ofisini. Nimeziandika kwenye karatasi ya tatu, zipo nne.

Jambo moja kubwa. Kabla hujagusa njia, badilisha namba za mtandao wa nyumbani. Unakumbuka ni mimi niliyeufunga kabla sijaondoka. Niliweka namba ninazoweka kila mahali, na tawi hili nilipopewa kulipanga nikazirudia: ruta namba moja, seva namba kumi, printa namba hamsini. Nyumbani printa ni hamsini, ofisini printa ni hamsini, na zote ni za aina moja kwa sababu mimi ndiye niliyezichagua. Uvivu wangu unaujua. Ukizipeleka namba hizo ofisini bila kubadilisha za nyumbani, kompyuta haitakuwa na njia ya kujua unataka hamsini ipi.

Fanya polepole. Ukikwama acha kama ilivyo, nitakuja likizo niitengeneze mwenyewe.

Mdogo wako


4 Machi

Mdogo wangu,

Nivumilie mwandiko, hii naiandika kwa mkono. Mama hajambo. Anakushukuru kwa habari za madirisha mawili. Shangazi ameshapelekewa, na jirani, na muuza maziwa. Kuhusu kunenepa kwako Mama amesema ni vizuri, unakula. Bega lake linauma jioni, ila ameanza kushika kikombe kwa mkono mbovu, nusu chai inafika.

Kazi imekwenda. Njia nimezitenganisha kwa dakika kumi na tano. Mtaalamu wa mazoezi anatembea kwenye kioo kama mtu aliye chumbani, na mafaili ya madai yamefunguka pembeni bila kutikisika. Mama alifanya zoezi lote.

Namba za nyumbani sikuzigusa. Kuzibadilisha ningelazimika kuipanga upya kengele ya kitandani kwa Mama, redio yake, kompyuta yenye kioo chake, kila kitu kilicho kwenye mtandao, na hiyo ni kazi ya siku nzima kwa mtu asiye na msaidizi. Tena nilihisi unanipa kazi ya kunichosha ili nikwame. Umesahau ni nani aliyekueleza orodha ya njia kwa mara ya kwanza, wewe ukiwa unalia kwamba umefeli jaribio. Mfano wa mtu wa njia panda ni wangu. Nilishtuka kuukuta kwenye barua yako, ukinirudishia bila hata kuukung'uta vumbi.

Printa imekufa. Asubuhi ya leo nilikuandikia barua nyingine kwenye kompyuta, kurasa tatu, kabla kikao cha Mama hakijaanza. Niliagiza ichapwe, kompyuta ikasema imechapwa, na kwenye trei hakuna kitu. Nikaagiza tena. Nikaagiza tena. Nikaizima, nikaiwasha, nikaichapa kofi. Wapi. Barua yenyewe nikaifuta. Pengine ni heri, ilikuwa na maneno yaliyonitoka kabla sijayapima.

Sina la ziada.

Dada yako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu za hapa ni zilezile, ila sasa zina swali ndani yake. Wiki sita na siku tano hujanijibu. Mama alikuwa anauliza kila posta ikipita. Mwanzoni nilimwambia una kazi nyingi, akafurahi, maana kazi nyingi kwako ni sifa. Wiki ya nne akaacha kuuliza, akawa anaangalia mlango tu, na hilo sikuliweza.

Basi nimefanya jambo. Jumamosi nilichukua karatasi mbili zenye orodha ya dawa, nikaketi kitandani kwake nikamwambia barua yako imefika, nikamsomea. Nilitunga papo hapo. Nilisema umepata mafua ukapona, nikasema bosi amekusifu mbele ya watu, nikasema unaikumbuka harufu ya chumba chake asubuhi. Nilitia na mzaha kuhusu lifti. Mama alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia, "Unaona? Huyu anajua kuandika. Barua zake zote hii ndiyo nzuri kuliko zote."

Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Kama kuna kitu nimekukosea, kiseme. Kama unaumwa, sema pia. Mafaili yangu ya kazi yako salama, onyo limefutwa, siombi msaada wowote. Naomba barua, ili nisije nikatunga nyingine.

Dada yako


2 Mei

Dada,

Shikamoo. Mama nimshike mikono yote miwili, mbovu na mzima. Mwambie sina mafua wala sikuwa nayo, au usimwambie, utajua mwenyewe namna ya kuirekebisha barua yako. Mwambie mvua ya huku imekatika na kwamba nimejifunza kupika supu isiyoungua. Huo ndio upande wa kumsomea. Mengine tafadhali yasome peke yako, ukiwa umekaa.

Printa yako haikufa. Barua yako ilichapwa. Ilichapwa mara tatu, kurasa tisa, hapa ofisini, kwenye printa namba hamsini iliyo karibu na jiko la chai, saa nne kasoro, tarehe nne Machi. Nilikuambia ubadilishe namba.

Aliyeziokota ni karani wa mapokezi, yule tunayemwita Redio. Barua haikuwa na jina, ni "Mdogo wangu" juu na "Dada yako" chini. Mimi nilifika jikoni kuchukua maji ya moto nikawakuta watu saba wamekaa, Redio amesimama katikati na miwani puani.

"Soma taratibu, Redio, tunatafuna."

"'Kiti unachokikalia nilipewa mimi kwanza. Nilikiacha, na wewe ukadhani umekishinda.'"

"Eeeh! Haya, endelea!"

"'Siku hizi nikisikia unavyosifiwa, natoka nje kuanika nguo ambazo hazijafuliwa.'"

Walicheka, Dada. Dereva alipigapiga meza. Akasema, "Huyu ana kijicho tu, hana lolote."

"Kijicho gani?" mhasibu akamrukia. "Umesikiliza lakini? Mtu kapewa kazi, mama yake kaugua, kaikataa kimyakimya, mdogo wake kaichukua, na mama anaimba mdogo, mdogo! Ingekuwa wewe ungechoma nyumba."

"Mimi namshangaa huyo mdogo," akasema mwingine. "Miaka mitatu hata haulizi? Ni bwege au anajifanya hamnazo?"

"Injinia, wewe unasemaje?"

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikasema, "Ndefu mno." Wakacheka tena, na Redio akasoma ule mstari wa mwisho. "'Sikuonei huruma na sitaki unionee. Nataka mara moja tu Mama aseme kwamba nilikuwa wa kwanza.'" Hapo hakuna aliyecheka. Mhasibu alisema masikini.

Nilirudi chumbani kwangu, nikafungua kumbukumbu za printa. Kazi tatu kutoka kwenye VPN, kompyuta ya mkaguzi wa madai namba thelathini na moja. Wewe. Mchana Redio aliingia, akafunga mlango nyuma yake, akaniwekea nakala zote tatu mezani. Nadhani alinisoma usoni pale jikoni. Tangu nimfahamu ndiyo mara ya kwanza hajatangaza kitu.

Ningeweza kuandika siku ileile. Badala yake nilikwenda idara ya watumishi nikaomba kuona faili langu. Wanaruhusu, ukisaini. Kuna karatasi ya usaili. Majina mawili. La kwanza ni lako, alama tisini na moja, pembeni yake wameandika kwa kalamu nyekundu: amejitoa. La pili ni langu. Sabini na nne.

Unajua nimeishi vipi humu ndani miaka mitatu? Kila mtu akinibishia nilikuwa najiambia, tulia, wewe ulimshinda hata dada yako. Ndicho nilichokuwa nacho. Nikiogopa mkutano nilikuwa nakitoa, kama mtu anavyopapasa mfukoni kuhakikisha ufunguo upo. Sasa napapasa sikuti kitu. Mimi nilikuwa wa akiba. Na kinachoniuma zaidi, naona gere. Ulinishinda, ukaacha, ukanyamaza, vyote vitatu ni vyako.

Nakuomba kitu kimoja. Usimwambie Mama. Najua ndicho unachokitaka kuliko vyote, nimekisikia kikisomwa kwa sauti. Lakini mimi sina mkono wa kumshika asubuhi, sina kikombe cha kumnywesha. Nina zile sifa tu anazonipa mbele ya Shangazi. Niachie hizo.

Printa yetu nimeipa namba nyingine.

Mdogo wako


15 Mei

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Nimemsomea habari ya supu na mvua. Mafua nilisema niliyasikia vibaya, akaniambia siku hizi sisomi kwa makini. Jana alijifunga vifungo viwili vya gauni mwenyewe, akakataa nimfunge cha tatu, akakaa kikiwa wazi mpaka jioni.

Barua yako niliisoma nimesimama, kwa ubishi, ingawa uliniambia nikae. Nilipofika kwa Redio na miwani yake nilikaa. Sijui nikuombe radhi kwa lipi. Kwa kuandika, siombi. Kwa watu saba na chai yao, naomba, kwa sababu hata adui sikumtakia asimame pale na kikombe mkononi. Na kweli uliniambia nibadilishe namba. Niliona mstari ule, nikauelewa kabisa, nikaupita kwa sababu ulikuwa wako. Hiyo ndiyo sababu. Habari ya kengele na redio ni kisingizio nilichokitafuta baadaye. Mtu mwenye alama tisini na moja, akafanya kosa ambalo mwanafunzi wa mwezi wa kwanza halifanyi.

Sasa nikueleze siku ile, maana hujawahi kunisikia nikiisema. Barua ya kazi ilifika Alhamisi. Mama alikuwa ametoka hospitali Jumatano, hawezi hata kugeuka kitandani. Wewe ulikuwa umekwenda kumchukulia dawa. Niliisoma mlangoni. Nikasimama nikijua kwamba nikimwonyesha atasema nenda, na kwamba nikienda atabaki na nani? Na wewe? Wewe ulikuwa huwezi kumgeuza bila kulia. Nikawapigia simu kazini nikajitoa, nikaenda kumwambia nimekosa. Akanishika kichwa kwa mkono ule mzima. Akasema, "Si kitu, huenda mdogo wako akapata." Wiki mbili baadaye ukapata. Ukaruka ukumbini mpaka picha ya ukutani ikaanguka. Nilikusaidia kuokota vioo.

Ningekuambia lini? Kila siku iliyopita ilifanya siku iliyofuata kuwa ngumu zaidi.

Kuhusu ombi lako: simwambii Mama. Usinishukuru, si kwa upendo, au si kwa upendo peke yake. Tangu nimejua kwamba unajua, nalala vizuri. Mama anapokusifu kwa Shangazi sitoki tena nje. Namimina chai nikifikiria kwamba kuna mtu mmoja duniani ambaye sifa zile zinamchoma, na mtu huyo si mimi. Ni jambo baya kuliandika. Lakini umenieleza lako bila kulipaka rangi, na mimi nakupa langu hivyohivyo. Nitanyamaza kwa muda wote utakaotaka, na utakuwa unajua kwamba nanyamaza.

Dada yako


29 Mei

Dada,

Shikamoo. Salamu za Mama nimempa mwenyewe, kwa sauti yangu.

Nilimpigia simu leo saa tano. Nilijua utakuwa kwenye kikao cha wakaguzi na vipokea sauti masikioni, na kwamba simu iko kwenye kiti karibu na kitanda chake. Nimemwambia kila kitu: majina mawili, alama, kalamu nyekundu, Alhamisi. Nilimwambia na habari ya printa ili aelewe nimejuaje, ingawa sidhani hapo alinifuata.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Ungekaa na huko kunyamaza kwako. Kila siku ungekuwa mwema juu yangu, na mimi huku ningekuwa nahesabu siku za wema wako. Ulikwishanipa kazi yako. Nikakuta unataka kunipa na siri yako pia, niitunze, nikushukuru. Sikuweza. Kama ni kuanguka machoni pa Mama, niache nianguke kwa miguu yangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya," akakata. Sijui kaweka uso gani, wewe ndiye uliyeuona.

Kuna jambo lingine, na nalisema hapa usije ukalisikia kwa mwingine. Baada ya barua yako kutokea jikoni, bosi aliuliza inawezekanaje karatasi ya nyumbani kwa mtu ikachapwa hapa. Sikutaja mtu. Nilieleza njia na namba zinazofanana, akashtuka kugundua kwamba wafanyakazi mia moja na zaidi wanaunganishwa hivyo na hakuna anayewasimamia. Wametangaza nafasi: msimamizi wa mtandao wa wanaofanyia kazi nyumbani. Anaweza kukaa popote. Mimi nimeomba. Nafasi ni kubwa kuliko yangu, na ninaitaka.

Tangazo liko kwenye ukurasa wa ndani wa kampuni. Mwisho ni tarehe kumi.

Mdogo wako


8 Juni

Mdogo wangu,

Uliuliza kaweka uso gani.

Nilitoka kwenye kikao nikamkuta ameketi kitandani wima, simu mapajani, kitambaa cha kichwa amekivua. Nikasema, "Mama, umeumwa?" Akasema, "Ilete ile barua." Nikauliza barua gani. "Ile uliyoificha. Najua hukuichana. Wewe huchani karatasi."

Nikaitoa chini ya godoro langu, nikamletea. Akasema nisome. Nikasoma: tuna furaha kukujulisha kwamba baada ya usaili umechaguliwa. Akasema rudia. Nikarudia. Unajua nilivyoingoja siku hiyo? Miaka mitatu nilikuwa naiona kichwani: namsomea, ananitazama, anasema. Nilisimama wima kama mwanafunzi anayesubiri zawadi.

Akanitazama. Akasema, "Kumbe ulikuwa wa kwanza."

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

"Wa kwanza katika usaili," akasema, "na wa kwanza kunidanganya katika nyumba hii. Nani alikutuma? Mimi niliugua mkono na mguu. Akili sikuugua. Ungeniuliza! Tungemwita Shangazi, tungetafuta mtu, tungefanya vyovyote. Umenigeuza mzigo bila kunipa nafasi ya kukataa. Miaka mitatu nakula chakula cha huruma bila kujua."

Nilijaribu kumfunga kitambaa, akanisukuma mkono. Kwa mkono mbovu, na ulisukuma.

Kisha, na hapa ndipo nataka uwe makini, akageukia dirishani akasema, "Afadhali mwenzako. Amepiga simu mwenyewe, amejivua nguo mbele yangu, hakujificha nyuma ya mtu. Huyo mtoto ana ujasiri. Angalau mmoja wenu ananiheshimu."

Shangazi amekuja jana. Ameelezwa. Muuza maziwa pia. Habari inayozunguka mtaani ni jinsi Injinia alivyosema ukweli. Katika habari hiyo mimi ni mtu anayeficha karatasi chini ya godoro.

Nilitoka nje, nikashika kamba ya nguo, nikacheka mpaka jirani akachungulia. Umeanguka kwa miguu yako, mdogo wangu, na umeangukia juu. Sijui unafanyaje. Hata ungekamatwa unaiba, Mama angesifu mwendo wako.

Siku mbili hakuongea na mimi isipokuwa "maji" na "dirisha". Siku ya tatu barua yako ilifika, nikamsomea habari ya nafasi; jioni aliniita akauliza, "Hiyo nafasi anayoitaka mdogo wako, anayekaa popote ni nani?" Nikamweleza. Akauliza, "Popote ni pamoja na hapa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi unangoja nini? Au unataka tena nisingiziwe mimi?"

Nimeomba leo asubuhi. Kabla ya hapo nilitumia Jumamosi nzima kubadilisha namba za nyumba hii, zote, kengele, redio, kioo, printa. Kwenye fomu kuna swali linalotaka niandike kwa nini nafaa kuliko waombaji wengine. Nimejaza ukurasa mzima, na waombaji wengine kwangu ni mmoja tu. Nimeeleza kosa langu la Machi lote, hatua kwa hatua, na jinsi ya kulizuia kwa wafanyakazi mia moja. Sikuficha kwamba nilionywa.

Usaili ni Juni ishirini na mbili, watatuita sote wawili. Usije ukajitoa. Nimekaa nikiwaza kwamba unaweza kufanya hivyo, ili mara hii wema uwe wako, na nakuambia mapema: nitaiona karatasi. Watumishi wanaruhusu, ukisaini. Nikikuta jina lako na kalamu nyekundu pembeni, sitakusamehe hadi naingia kaburini.

Njoo na vyote unavyovijua. Ukinishinda, nishinde kweli.

Dada yako